Guangzhou mwezi wa kumi: mkahawa wa qingzhen, Xiaobei, mboga na samaki, au kujipikia?

KontenaMoja

Assalamu alaikum warahmatullah. Naomba ulinganisho kwa wanaoijua Guangzhou upande wa chakula. Tunaondoka Mombasa kwenda awamu ya pili ya maonyesho ya biashara ya Canton, tarehe 23 hadi 27 Oktoba, kisha siku chache Foshan kwa watengenezaji wa vigae na fanicha. Tuko wanne, na mmoja wetu ni mama mtu mzima mwenye sukari. Hawezi kukaa na njaa wala kushindia wanga mtupu.

Njia ninazosikia ni nne. Kuna mikahawa ya Waislamu wa China wenyewe, kuna ya Waarabu, Waturuki na Waafrika pale mtaa wa Xiaobei, kuna kuingia mkahawa wowote ukaagiza mboga na samaki, na kuna kukodi chumba chenye jiko mkajipikia. Nataka kujua ipi ya kutegemea na ipi ya dharura, bei yake, na shubha iko wapi. Hapa kwetu mtu hula kutoka Marikiti hadi Mwembe Tayari bila kuuliza swali, kwa hivyo kuuliza kwenyewe hatujakuzoea.

Kibokoni_Kale

Waalaikumu salaam. Shikeni ya kwanza, hizo tatu ziwe za kujazia.

Alama ya kutafuta ni maandishi haya mawili: 清真, yaani qingzhen, halali kwa Kichina. Husomwa karibu na "ching-jen". Huwa juu ya mlango, mara nyingi kwa kijani, au kwenye kibao kidogo karibu na kaunta. Zamani ungeona na neno "halali" kwa Kiarabu kando yake. Mwaka 2019 Beijing ilitaka mikahawa iyaondoe maandishi ya Kiarabu, na kwengineko China pia yakaondolewa. Kwa hivyo usipoona Kiarabu usigeuze mguu ukaondoka, tazama hayo mawili ya Kichina. Yahifadhini kama picha kwenye simu zenu kabla ya safari.

Mikahawa hii ni ya namna mbili. Ya kwanza ni ya tambi za Lanzhou, ambayo wenyewe aghalabu ni Wahui na Wasalar, makabila ya Waislamu wa China, kutoka mkoa wa Qinghai. Duka ni dogo, meza chache, na kijana anauvuta unga kwa mikono mbele ya macho yako, anaukunja na kuuvuta tena hadi utoke nyuzi, kisha moja kwa moja kwenye maji yanayochemka. Supu ni ya mifupa ya ng'ombe, juu yake vipande vyembamba vya nyama, figili nyeupe na dania. Agizo ni "niurou mian". Ukitaka nyama zaidi sema "jia rou", ukitaka yai sema "jia dan". Bakuli huwa kati ya yuan 15 na 25. Wasiopenda supu waagize "gaifan", yaani wali wenye mchuzi na nyama juu yake.

Namna ya pili ni mikahawa ya Wauighur wa Xinjiang. Hapo kuna polo, wali wa karoti na nyama ya kondoo ambao mtu wa pwani ataufahamu kwa tonge la kwanza, kuna mishikaki yenye bizari nyembamba na pilipili, na mkate wa naan wa tanuri. "Da pan ji" ni sinia la kuku na viazi, latosha watu watatu au wanne. Chakula hicho kiagizeni kwenye mikahawa ya Waislamu pekee, kwa sababu wapishi wengine hukimiminia bia wakati wa kukipika.

Mambo mawili huwapoteza wageni. Kwanza, ubao wa 兰州拉面, yaani tambi za Lanzhou, si ushahidi. Hilo ni jina la chakula tu na yeyote anaweza kuliandika. Sharti uone 清真. Pili ni bia. Maduka mengi ya Wahui hubandika tangazo kwamba pombe haiingii. Ya Wauighur mengine huiuza. Bia kwenye friji haiharamishi nyama iliyochinjwa na Muislamu, lakini ikiwa moyo hautulii, tokeni, lingine haliko mbali.

Kabla ya kulipia chumba, fungueni ramani ya Amap, muandike 清真 karibu na anwani ya hoteli. Mkipata mikahawa miwili ndani ya mwendo wa dakika kumi kwa miguu, hapo panakalika. Mmoja pekee hautoshi, ukifungwa siku hiyo mmebaki na biskuti.

BintiKuze

Niongeze la malipo, maana ndilo litakalowakwamisha mwanzo. Maduka hayo madogo hayana mashine ya kadi. Ni Alipay au WeChat, programu za kulipia kwa simu, kwa kuskani mraba ulio mezani. Iunganisheni kadi ya Visa mkiwa bado Mombasa, kwa sababu benki hutuma nambari ya siri kwa ujumbe wa simu, na laini yenu ya Kenya isipofunguliwa romingi mkiwa China ujumbe haufiki. Malipo ya chini ya yuan 200 kwa kadi ya kigeni hayakatwi ada, yakizidi hapo Alipay hukata asilimia 3. Kwa hivyo bili ya watu wanne mnaweza kuigawa. Noti za yuan chukueni pia, za 10 na 20. Ukitoa noti ya 100 kwenye duka la tambi asubuhi, chenji yenyewe ni mtihani.

Sasa Xiaobei. Ni mtaa ulio wilaya ya Yuexiu, una kituo chake cha treni ya chini ya ardhi kwenye laini ya 5. Faida yake kubwa ni lugha: mtahudumiwa kwa Kiingereza au Kiarabu, na mama atapata wali, nyama ya kuchoma, supu na kachumbari anavyovijua. Bei huwa mara mbili au tatu ya bakuli la tambi. Ukihesabu yuan moja kwa shilingi 18 hivi, tofauti hiyo kwa watu wanne kila usiku si ndogo.

Lakini msidhani kila chungu cha Xiaobei ni halali kwa kuwa mpishi ni Mwafrika au ubao una jina la nchi ya Kiarabu. Wako wapishi wasio Waislamu kutoka Afrika Magharibi na ya Kati wanaonunua nyama soko lolote. Swali la kuuliza si "mnauza nguruwe?". Ulizeni "nyama hii mmeinunua bucha gani?". Aliye na bucha ya qingzhen hujibu pale pale, na wengine watakutolea hata pakiti uione.

Kutoka Xiaobei hadi ukumbi wa maonyesho ni kubadilisha treni mara mbili: laini ya 5 hadi Zhujiang New Town, laini ya 3 hadi Kecun, laini ya 8 hadi Xingang Dong. Wekeni saa nzima, mlango hadi mlango. Kwa hivyo Xiaobei ni ya chakula cha usiku. Mchana kuna vibanda vya chakula cha Waislamu humo humo ukumbini, ila ikifika saa sita foleni ni refu. Mama amalize kula saa tano na nusu.

SamakiTu

Samahani, lakini naona mnalifanya gumu. Sisi ni Shafi, vya baharini kwetu ni halali, na Guangzhou ni mji wa samaki. Ingia mkahawa wowote, agiza samaki wa mvuke, wali mweupe na mboga za majani, umwambie muhudumu hutaki nguruwe. Kuna haja gani ya kuvuka mji kutafuta tambi?

Kibokoni_Kale

Ndugu yangu, samaki mwenyewe hana neno, tatizo ni kinachomzunguka. Tazama jikoni. Kuna karai moja kubwa la chuma juu ya moto mkali. Mpishi amemaliza nyama ya nguruwe, analisugua karai kwa ufagio wa mianzi na upawa wa maji ya moto, anayamwaga, na hapo hapo anatia mafuta ya sahani yako. Kusugua huko hakuna sabuni. Na chuma cha namna hiyo huachiwa utando wake wa mafuta kwa makusudi, ndio unaozuia chakula kushika.

Mafuta yenyewe pia huweza kuwa ya nguruwe. Wengi huyapenda kwa mboga za majani kwa sababu huzing'arisha. Ukimwambia muhudumu "bila nyama ya nguruwe", ataondoa vipande vya nyama na kuyaacha mafuta, na kwa fahamu yake amekutimizia ulichotaka. Tofu yenye pilipili, ile ya mapo, hunyunyiziwa nyama ya kusaga. Supu ya mboga huanza na mifupa ya nguruwe. Samaki wa mvuke hupakwa tangawizi na kijiko cha mvinyo wa kupikia kuondoa shombo.

Kama hamna budi kuingia mkahawa wa kawaida, muonyesheni hii kwenye simu: 我是穆斯林。不吃猪肉、猪油，不要料酒。只吃清真。 Maana yake mimi ni Muislamu, sili nguruwe wala mafuta yake, nisitiliwe mvinyo wa kupikia, nala halali tu. Mara nyingi muhudumu mwenyewe atakuambia hawana. Huo ni uungwana wake, mshukuru uende zako.

Penye mboga tupu kwa uhakika zaidi ni mikahawa ya Wabudha inayopika bila nyama kabisa, yenye herufi 素. Jikoni kwao hakuingii nguruwe, na dini yao inawakataza ulevi, kwa hivyo mvinyo wa kupikia ni nadra. Hata hivyo ulizeni, kwa sababu mikahawa mengine hufuata mtindo wa kula mboga tu, si dini. Msishangae kuona "kuku" na "nyama" kwenye picha zao, hutengenezwa kwa soya na ngano. Na chakula chao hakina kitunguu maji wala saumu. Kwa mchana mmoja ni pazuri sana.

Tahadhari ya mwisho kwa wanaosoma menyu kwa herufi: 牛 ni ng'ombe, 羊 ni kondoo au mbuzi, 鸡 ni kuku, 猪 ni nguruwe. Ikiandikwa 肉 peke yake, yaani nyama tu, hesabu ni ya nguruwe. Na 田鸡 ina herufi ya kuku ndani yake lakini ni chura.

TalibuBondeni

Bismillah. Niingie upande wa hukumu, kwa madhehebu yetu ya Shafi, maana naona mambo mawili yanachanganywa: kutokuwepo nguruwe, na kuwa halali.

Nyama ya ng'ombe, kuku na bata ya mkahawa wa kawaida wa China ni kibudu kwetu, hata jiko liwe halijaona nguruwe. Aya ya 5 ya Suratul Maida imeruhusu chakula cha waliopewa Kitabu, na wachinjaji wa kule kwa jumla si katika hao. Wengine hutoa hoja ya hadithi ya Bibi Aisha, kwamba watu huletewa nyama wasijue kama imesomewa, na Mtume (s.a.w.) akasema wasome wao kisha wale. Hadithi hiyo ni sahihi, imo kwa Bukhari, lakini walioleta nyama walikuwa Waislamu waliosilimu karibuni. Bismillahi ya mlaji haimgeuzi kibudu akawa kichinjo.

Upande wa Wahui, wengi wao ni Hanafi. Kwao kusoma Bismillah wakati wa kuchinja ni wajibu, kwetu ni sunna, kwa hivyo Shafi hana cha kuhofia kwenye kichinjo chao. Watakaoshangaa ni wao, wakikuona na kaa mkononi.

Mvinyo wa kupikia: husemwa kwamba moto huumaliza. Vipimo vya idara ya kilimo ya Marekani vilionyesha kwamba chakula kikichemka dakika 15 hubaki kama asilimia 40 ya ulevi, na hata baada ya saa mbili na nusu hubaki asilimia 5. Na hata ungekwisha wote, kwetu mvinyo ni najisi, umeshakinajisi chakula tangu ulipomiminwa.

Jelatini ya nguruwe kwenye peremende na mtindi, kwa Shafi haitohariki kwa kugeuzwa viwandani. Hanafi wana maneno yao katika kugeuka kwa dhati ya kitu, na kila mtu na imamu wake. Chura haliwi, kuna katazo la kumuua.

KontenaMoja

Barakallahu fikum. Hapo kwenye najisi nina swali la kukodi nyumba yenye jiko. Sufuria za humo bila shaka zimepika nguruwe. Tufanyeje? Na mama akipikiwa, kipikwe nini?

TalibuBondeni

Lililo mashuhuri katika madhehebu ni kwamba najisi ya nguruwe ni nzito kama ya mbwa: huoshwa mara saba, moja yake kwa maji yaliyochanganywa na udongo safi. Imamu Nawawi aliona kwamba kwa upande wa dalili mara moja bila ya udongo yatosha kwa nguruwe, na akasema hiyo ndiyo kauli ya wanazuoni wengi. Kwa chombo cha chuma kisicho na nyufa, mnaweza kufuata ile ya saba mkaondokana na wasiwasi. Kitu kama mwiko wa mbao na ubao wa kukatia ulionyonya mafuta, uwekeni kando. Kuna hadithi ya Abu Thaalaba kuhusu vyombo vya waliopewa Kitabu: msilie humo ila mkikosa vingine, na mkikosa vingine vioshwe ndipo mle. Na nyinyi vingine mnavyo, sufuria moja haizidi uzito wa viatu.

FundiStima_Majengo

Sufuria ipi lakini? Hapo ndipo wengi hubeba mzigo wa bure. Majiko ya nyumba za kukodi kule ni ya indaksheni, ile ya sumaku. Sufuria zetu za alumini hazishiki, jiko litalia na kujizima. Chukua sumaku ya friji uibandike chini ya sufuria. Ikishika barabara, itapika. Ikianguka, iacheni Mombasa.

Rahisi zaidi, nunueni huko huko chungu kidogo cha umeme cha lita 1.5. Vipo vya chini ya yuan 100, plagi yake ni ya kule, na hakijawahi kuona nguruwe. Mkikibeba cha kutoka nyumbani, umeme wao ni volti 220 na wetu ni 240, kwa hivyo kitafanya kazi ila nguvu yake itashuka hadi kama asilimia 84, na chakula kitachelewa kidogo. Plagi yetu ya pini tatu nene haiingii kwenye soketi zao. Adapta iwe ya ampea 10. Birika la wati 1800 linavuta zaidi ya ampea 8, na zile adapta nyepesi za kuchajia simu huyeyuka hapo.

Mkikodi chumba cha hoteli badala ya nyumba, ulizeni kwanza kama kupika kunaruhusiwa. Kuna king'ora cha moshi darini, kwa hivyo hakuna kukaanga, ni kuchemsha tu. Na kadi ya mlango ndiyo inayowasha umeme wa chumba. Ukiichomoa ukatoka, chungu kimezimika. Wengi huacha maharage yakiiva wakaenda ukumbini, wakirudi wanayakuta magumu na yameanza kuchacha.

BintiKuze

Kwa mama mwenye sukari, chungu hicho cha lita 1.5 kinampa msingi mzuri. Wali wa dengu: mchele kikombe kimoja, dengu nyekundu zilizopasuliwa nusu kikombe, maji vikombe viwili na nusu, chumvi kijiko kidogo, bizari ya pilau kijiko kidogo, mafuta kijiko kimoja kikubwa. Dengu zioshwe mpaka maji yatoke meupe, la sivyo povu litafurika na kuzima chungu. Mafuta nayo hulituliza povu. Msijaze kupita theluthi mbili. Kama mchele ni ule wa punje fupi wa kaskazini ya China, punguzeni nusu kikombe cha maji, maana mkiweka kipimo cha basmati mtakula bokoboko.

Hesabu hiyo ni ya watu wawili. Kwa mama aongezewe mboga za majani zilizochemshwa na mayai mawili, na wali upungue. Mayai ya kuchemsha mwenyewe ni bora kuliko yale ya rangi ya kahawia ya madukani, yaliyolowekwa kwenye chai na mchuzi wa soya. Wengine hutia mvinyo humo. Mahindi ya kuchemsha ya maduka ya saa 24 ni mazuri, ila tazameni yanapopashwa. Yakiwa kikapu kimoja na mikate ya mvuke, mikate ile imejaa nguruwe, yaacheni.

Kwenye duka la tambi mwambieni "shao mian", tambi kidogo, na "jia rou". Bakuli kamili ni unga mweupe mwingi sana kwake. Chakula cha Guangzhou hutiwa sukari hata mahali usipotarajia, na maziwa ya soya ya asubuhi huwa tayari yametamishwa, aombe 无糖, yaani bila sukari. Mkobani awe na tende na biskuti wakati wote, kwa sababu foleni na treni hazina huruma kwa mtu anayetumia dawa ya sukari.

Mkate wa madukani nao ni mtego. Ile inayoonekana kama ina pamba au nyuzi za dhahabu juu ni nyama ya nguruwe iliyokaushwa na kusuguliwa. Tambi za kikopo zenye picha ya ng'ombe si halali mpaka muone 清真 kwenye kifuniko. Na mikahawa ya kuku ya Kimarekani mliyoizoea, kule si ya halali.

KontenaMoja

Limebaki la Foshan. Wenye viwanda watatualika chakula, na kukataa ni kuvunja adabu. Na ndege je?

Kibokoni_Kale

Msikatae mwaliko, uongozeni. Siku mbili kabla, mwandikieni wakala wenu kwenye WeChat kwamba kundi zima ni la Waislamu na mnakula qingzhen pekee, na mumtumie yale maandishi niliyoyaweka juu. Mwenyeji wa Kichina huagiza yeye, tena huagiza kwa wingi, na akijua mapema atatafuta mkahawa wa Xinjiang na kuona fahari kuwapeleka. Akijua mkiwa mmeshaketi, ndipo pazito: sahani ishirini mezani na nyinyi mnakula matikiti. Wakiinua vikombe vya pombe kali, inueni chai. Hilo linakubalika kabisa, na aliye mdogo huishusha glasi yake iwe chini kidogo ya mkubwa.

Mchana wa kiwandani huwa ni kantini. Hapo chukueni wali mweupe uliopikwa kwenye chungu chake, mayai yenye ganda, matunda, na samaki wa kopo mliobeba. Foshan yenyewe mikahawa ya qingzhen ipo lakini imetawanyika, kwa hivyo itafuteni kwenye Amap kwa jina la mtaa wa kiwanda, si kwa jina la mji.

TiketiMkononi

Kwa ndege: chakula cha Waislamu kina msimbo wake wa kuagizia, MOML. Kiombwe angalau saa 24 kabla, na kiombwe kwa kila kipande cha safari. Mombasa hadi Addis ni kipande, Addis hadi Guangzhou ni kipande kingine, na vivyo hivyo mkipita Nairobi. Ajenti akibadilisha tarehe, ombi la chakula huweza kupotea bila yeye kujua, kwa hivyo kagueni tena baada ya mabadiliko yoyote. Msichague HNML mkidhani ni ya mboga. Hiyo ni ya Wahindu na huwa na nyama. Ya mboga kwa mtindo wa Kihindi ni AVML. Aliye na sukari ana yake, DBML, lakini kwa kawaida mtu hawezi kuunganisha misimbo miwili, kwa hivyo mama achukue MOML na aache mkate na kitamutamu.

Forodha ya China hairuhusu abiria kuingiza nyama ya namna yoyote, mbichi, iliyopikwa wala iliyokaushwa. Maziwa, siagi, jibini, mayai, matunda na mboga mbichi pia hapana. Kwa hivyo sambusa za nyama, nyama kavu na kuku wa kukaanga wa kufungiwa njiani muwamalize kwenye ndege. Samaki wa kopo hawamo kwenye katazo, na viungo vya unga vilivyofungwa dukani havina shida. Kunde na maharage mazima huweza kuchukuliwa kuwa mbegu, hayo nunueni huko. Samli iacheni nyumbani.

SamakiTu

Nimefahamu la karai, ahsanteni. Na nyama mbichi ya kujipikia inapatikana wapi?

BintiKuze

Ijumaa mkienda msikiti wa Xianxian, ule ulio kando ya kaburi linalonasibishwa na sahaba Saad bin Abi Waqqas, wauzaji wa Kihui hupanga vyakula na nyama nje baada ya sala. Kituo cha karibu ni Yuexiu Park, laini ya 2. Siku nyingine ni bucha za Xiaobei. Kondoo akatwe vipande vidogo vya upana wa vidole viwili, maana chungu cha lita 1.5 hakipikii zaidi ya nusu kilo kwa mara moja. Vipande vikubwa huiva nje vikabaki vigumu ndani, na kwa wati 600 mtangoja saa moja na zaidi.

FundiStima_Majengo

Na kadi ya mlango ibaki mahali pake muda wote huo.